Mita Kumi na Moja za Bwana Karim

Tulikutana kwenye khitma ya Fundi Shee, mimi na Kadzo, baada ya miaka mingi ya kujuliana hali kwa simu tu. Kadzo alivuka Feri mapema asubuhi, akajitanda leso nyeusi kwa heshima ya msiba ingawa yeye ni mtu wa kanisa, na akaja kuketi nami kwenye mkeka wa wanawake. Sahani ya pilau ilipowekwa kati yetu aliinama akaninong'oneza, "Wakumbuka alivyokuwa akituzimia feni?" Nikacheka. Nilijaribu kukigeuza kicheko kiwe kikohozi lakini Kadzo naye alikuwa ameshaanza, mabega yanamtikisika, na bibi mmoja aliyekuwa na tasbihi mkononi akatutazama kama watoto wa chuo cha Kurani walioleta mzaha kwenye dua. Tulipotulia, mtoto mkubwa wa marehemu alikuja kuniomba niandike chochote kumhusu baba yake, wajukuu wapate kusoma. Nimefundisha ufundi wa umeme zaidi ya miaka thelathini, na nimeandika ubaoni mpaka bega likaharibika, lakini kuandika juu ya mtu huyu nimekuwa nikikuahirisha. Sababu ni kwamba siwezi kumwandika yeye bila kuandika uzembe wangu. Basi na uandikwe, mimi sasa ni mtu mzima, aibu zimenipungua.

Karakana yake ilikuwa kwenye daka la nyumba ya mawe, kichochoro cha tatu nyuma ya Ngome ya Yesu. Ukishavuka kizingiti ulikuta meza ndefu ya mvule, kabati lenye droo ndogo ndogo, dirisha moja linaloangalia kichochoro, na harufu ya vanishi na karafuu, kwa kuwa Bi Maryam, mkewe, alikuwa akianika karafuu zake juu ya kabati la mumewe na hakuna aliyethubutu kumwambia aziondoe. Feni ilikuwepo, nzuri, ya mapanga matatu, lakini kazi ikianza huzimwa. Waya tuliokuwa tukiutumia ulikuwa mwembamba kama unywele wa mtoto, na upepo wa feni uliupeperusha ukapotea juu ya meza, ukautafuta mpaka adhuhuri. Kwa hiyo tulifanya kazi kwenye joto la Mombasa tukiwa tumefunga vitambaa kwenye vipaji vya nyuso, jasho lisidondoke. Nje ya dirisha, barazani, wazee wanne watano waliketi tangu asubuhi wakizungumza habari za dunia nzima, na sisi ndani tulizisikia zote bila kuulizwa maoni yetu. Nadhani nusu ya niliyoyajua kuhusu ndoa nikiwa na miaka kumi na tisa niliyapata pale dirishani.

Nilifikaje pale? Kwa kofia. Nilikuwa nikidarizi kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi mmoja mmoja, na Fundi Shee alinunua moja ya kwendea Idi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu wa mtoto wa jicho, akawa anaipapasa ile kofia kwa vidole msikitini badala ya kusikiliza hotuba, ndivyo alivyotueleza mwenyewe. Aliuliza nani aliyeidarizi mpaka akanipata. Alitaka vidole. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mita za ampea, zile saa zenye mshale zinazoonyesha ni kiasi gani cha umeme kinachopita kwenye waya, na sasa hakuweza tena kuiona kazi yake. Kadzo alikuwa amempata mwezi mmoja kabla yangu; yeye alitoka upande wa Rabai, alifanya kazi ya kupanga sindano na vifungo kwenye duka la vitambaa, na alikuwa na subira ambayo mimi sijawahi kuwa nayo. Masharti yetu yalikuwa mamoja: mwaka mzima wa kazi, na mwisho wake, akiridhika, atatuandikia barua ya kwenda chuo cha ufundi tukafanye mtihani. Bila ya barua ya fundi anayejulikana, chuo hakikupokei, hasa kama wewe ni msichana. Niliitaka barua ile kuliko kitu chochote duniani. Mtu akivaa kofia yako hajui hata jina lako, nami nilitaka kuitwa fundi.

Siku ya kwanza aliifungua mita moja akatuwekea mbele, akaanza kutufundisha huku amekiinua kichwa anatazama dari, kwani hakuyahitaji macho. "Sikizani," akasema. "Umeme hamuuoni, na mimi siuoni, kwa hiyo hapa sote sawa. Hapa pana sumaku, haisogei. Katikati yake pana koili, ni waya umeviringwa kwenye kifremu. Umeme ukipita kwenye koili, koili nayo yawa sumaku, kwa muda ule tu unaopita. Na sumaku mbili zikiwekwa karibu hazitulii, lazima zisukumane. Basi koili yataka kuzunguka, na hii springi, hii hapa nyembamba, yaizuia. Umeme ukizidi, koili yashinda kidogo. Ukipungua, springi yairudisha. Mshale husimama pale walipopatana. Hiyo ndiyo ampea yako unayoisoma."

"Na umeme ukiwa mwingi sana, Fundi, huo waya hauungui?" Kadzo akauliza.

"Waungua mara moja. Ndiyo maana twaweka hii." Akapapasa kipande cha shaba nene nyuma ya mita. "Hii yaitwa shanti. Umeme karibu wote wapita hapa, koili yapewa wa kuonja tu, kama mpishi aonjavyo mchuzi kwa ncha ya kijiko. Twajua koili imepewa sehemu gani, kwa hiyo twaandika usoni kiasi chote."

Baadaye aliongeza jambo ambalo sikulitia maanani siku ile, na mwaka ule wote ulikuja kusimama juu yake. Alisema kwamba koili ikikatika, umeme hausimami, unaendelea kupita kwenye shanti kama kawaida, ila mshale unalala kwenye sifuri. Mita mbovu haisemi kuwa ni mbovu. Inakuambia hakuna umeme, na wewe unaamini, unazidisha.

Tulijifunza. Wiki ya pili Kadzo aliunganisha mita moja kwa moja kwenye betri, badala ya kukata njia na kuiweka katikati ili umeme upite kwake ukielekea kwenye taa. Mshale uliruka ukagonga mwisho ukapinda kama ndoana. Fundi alisikia mlio ule mdogo kutoka alipokuwa, akasema, "Haya, huyo ni nani aliyeua?" Alicheka siku nzima na kuwasimulia wazee wa barazani. Kuviringa koili kulikuwa jambo jingine. Mizunguko mia na zaidi, kila mmoja ubavuni mwa mwenzake, na ukikosea hesabu unaanza upya. Kadzo alihesabu kwa Kigiriama kwa sauti ya chini, mimi nilihesabu kimoyomoyo. Mwisho wa waya ulipaswa kupenyezwa kwenye kitundu cha pini kabla ya kulehemiwa, na hapo ndipo mimi nilipokuwa malkia. Kadzo alihangaika na nta ya mshumaa, anaupaka mwisho wa waya usipindepinde, anaukosa, anaupaka tena. Mimi nilipenyeza mara moja. Fundi aliniambia hajapata kuona mkono mwepesi kama wangu, nami nikavimba kichwa mpaka Bi Maryam akasema kofia yangu mwenyewe haitanienea.

Kazi kubwa ilitoka kwa Bwana Karim, mwenye karakana ya kuchaji betri upande wa bandari. Alichaji betri za teksi, za mashua za injini, za malori, na kila ubao wa kuchajia ulikuwa na mita yake. Mita zake zilikuwa zimezeeka kwa chumvi na mvuke wa asidi, akatuletea kidogo kidogo tuziviringe upya. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuadhini, na kila akija alileta viazi karai kwenye gazeti na kuvimaliza mwenyewe. Ndani ya kila mita Fundi alitutaka tugandishe kikaratasi chenye tarehe na herufi ya aliyeiviringa, Z ya Zuhura, ndiye mimi, au K ya Kadzo. Tarehe zake zilikuwa za mwezi wa Kiislamu, hakutambua nyingine. Kadzo alijifunza Rajabu na Shaabani kwa ajili ya vikaratasi vile, na mpaka leo, mwenyewe aliniambia kwenye khitma, hujua mwezi umeandama kabla ya jirani zake Waislamu.

Ramadhani ikaingia. Nimefunga Ramadhani nyingi lakini ile ndiyo ninayoikumbuka kwa harufu zake. Bi Maryam aliweka mihogo ya nazi motoni tangu alasiri, na sisi tumeinamia koili, tumbo linaongea. Kadzo siku ya kwanza alijificha nyuma ya kabati kula mahamri yake, Fundi akamsikia akitafuna, akamwita, "Kadzo, ndoo ule mezani kama watu. Wewe hukufunga, na sisi hatukufunga kwa ajili yako." Lakini Kadzo aliendelea kula nyuma ya kabati mwezi mzima, na jua likizama alikula tena nasi, tambi na kaimati, kana kwamba mchana hajaonja kitu. Kazi yangu ilikuwa ya polepole mwezi ule, nikadhani ni njaa.

Baada ya Idi mita zikaanza kurudi. Ya kwanza ilirudi Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mshale umelala. Ya pili, ya tatu. Kufikia Mfungo Tatu zilikuwa kumi na moja, na siku hiyo Bwana Karim aliingia bila viazi. Mfanyakazi wake aliona mshale uko kwenye sifuri, akadhani umeme haupiti, akazidisha, akazidisha tena, mpaka betri tatu zikachemka na shati lake likatoboka kifuani kwa asidi. Ngozi ilipona, alhamdulillahi. "Lakini mimi siwezi kukuletea kazi tena, Shee," Bwana Karim akasema. "Nakupenda, lakini siwezi." Fundi alizipanga mita zote mezani, akaniamuru nimsomee vikaratasi. Nilisoma. Zote zilikuwa na Z. Wazee wa barazani walikuwa wameleta nyuso zao dirishani. Koili zote zilikuwa zimekatika pahali pamoja, karibu na mwisho wa waya, na pahali pale pana ukijani mdogo. Kadzo alinishika mkono chini ya meza.

"Soma tarehe," Fundi akasema. Nikasoma: Rajabu, Rajabu, Shaabani, Shaabani, Shaabani. Mfungo Mosi, mara sita. "Na Ramadhani je? Ramadhani uliviringa ngapi?" Nilikuwa nimeviringa tisa. Bwana Karim akajibu mwenyewe kwamba zile tisa zinafanya kazi vizuri, hajapata kuziona nzuri kama zile.

Wazee wa barazani walikuwa wa kwanza kupata jawabu, kupitia dirishani. "Ni baraka ya saumu, yakhe!" mmoja akasema. "Mkono wa mwenye kufunga si mkono wa kawaida." Mwingine akasema masha Allah. Ukiniuliza leo kama Fundi Shee aliamini, nitakuambia kwamba alitaka kuamini, kwa sababu alinipenda na alikuwa anatafuta mlango wa kunitolea. Alisafisha koo, akaniuliza kwa haya kama ningeweza kufunga Jumatatu na Alhamisi, sunna, na kuziviringa mita za Bwana Karim siku hizo tu. Bwana Karim akakubali palepale. Kesho yake alituma viazi karai kwa Kadzo na tende kwangu. Wiki mbili zilizofuata nilikuwa mtu mashuhuri. Watu walisimama dirishani kuniangalia nikiviringa, na mama mmoja alitaka nimshikie kitambaa cha harusi ya bintiye kidogo tu, angalau kipate mkono wangu.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya adhuhuri. Nilikuwa nimemaliza mizunguko, nimeushika mwisho wa waya kwa kibanio, nauelekeza kwenye kitundu cha pini, na mkono wangu ukainuka wenyewe kuelekea mdomoni. Nikauzuia. Nimefunga, nikajikumbusha, usitie kitu mdomoni. Halafu nikabaki vilevile, waya uko karibu na mdomo. Kila mdarizi wa kofia Mombasa hulamba ncha ya uzi kabla ya kuupenyeza kwenye sindano. Hatufikirii, kama unavyopepesa jicho. Miezi yote ile nilikuwa nikizilamba nyaya za Bwana Karim, kila moja, pahali palepale, na mate yana chumvi yake. Yakibaki juu ya shaba, na umeme ukipita, huila taratibu mpaka ikatike. Ramadhani sikulamba. Ilikuwa ni hilo tu.

Nilimwambia Kadzo kwanza, tukiwa njiani kwenda Marikiti kununua ukwaju wa Bi Maryam. Alicheka mpaka akakishika kigari cha hamali mmoja asianguke. Kisha akaacha kucheka. "Zuhura, barua zimebaki wiki mbili," akasema. "Nyamaza. Usilambe tena, nyaya hazitakatika tena, nani atajua?" Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa, aliyasema kwa kunipenda. Mimi nikajipatia njia nzuri zaidi ya kunyamaza: nikajiambia lazima nipate ushahidi. Nilichukua vipande viwili vya waya, nikakilamba kimoja, kingine nikakiacha, nikaviunganisha vyote kwenye betri ndogo na kuviweka penye unyevu chini ya kabati. Ijumaa nikaangalia. Jumamosi, Jumapili. Ukweli ni kwamba nilikuwa naomba Mungu waya ule usioze. Jumatatu asubuhi ulikuwa umeota kijani kama ukuta wa kisima.

Nikamwambia Fundi mbele ya Bwana Karim, kwa sababu alikuwa amekuja, na kwa sababu ningengoja aondoke ningepata kisingizio kingine. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja. Bwana Karim alibaki na kiazi nusu njia. Fundi akaniambia, "Toa ulimi." Nikautoa. Akavaa lenzi yake kwenye jicho, akausogelea ulimi wangu kama mita nyingine yoyote, na akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtiririka kwenye ndevu, na Bi Maryam akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. "Mke wangu," akasema, "mimi fundi wa miaka hamsini nimemfungisha mtoto wa watu sunna, kumbe dawa ni afumbe mdomo." Hata wazee wa nje walicheka, ingawa mmoja alisema kwa huzuni kwamba yeye bado anaona baraka ipo.

Kisha akaivua lenzi. "Wajua tangu lini?"

"Tangu Alhamisi, Ami."

"Na leo Jumatatu." Sijawahi kutukanwa kukaniuma kama kule kuhesabiwa siku. Nilizirudia mita zote kumi na moja, na nyingine nilizokuwa nimeziviringa kwa mate ambazo zilikuwa bado hazijafa, kwa muda wangu, kwa nta ya mshumaa niliyoazima kwa Kadzo. Fundi alikwenda kwa Bwana Karim kwa miguu, akishika kuta kwa mkono, kumwambia mbele ya wafanyakazi wake kwamba kosa la mwanafunzi ni la mwalimu asiyeuliza mikono ya mwanafunzi imetoka kufanya nini.

Siku ya barua ilipofika, ya Kadzo ilikuwa sifa tupu, kama alivyostahili. Yangu aliniwekea mkononi bila bahasha. Niliisoma kichochoroni, nimeegemea ukuta. Iliandikwa hivi: "Zuhura ana mkono mwepesi kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Aliharibu mita kumi na moja kwa kuzilamba nyaya. Sababu aliigundua mwenyewe, wakati watu wote walikuwa tayari kuamini nyingine. Alichukua siku nne kuisema. Hakuna aliyemlazimisha." Nililia kwa hasira. Nilifikiria kuichana, nilifikiria kumwomba Kadzo aninakilie yake nibadilishe jina, nilifikiria kurudi kwenye kofia. Kadzo alisimama nami akisubiri, hakunishauri kitu safari hii, na mwishowe tukaenda pamoja.

Chuoni mtahini alikuwa mzee mwembamba, kalamu tatu mfukoni, hakutabasamu tangu tulipoingia. Alisoma barua ya Kadzo haraka akaiweka kando. Yangu aliisoma, akarudi mwanzo, akaisoma tena. Vijana waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni walikuwa wakichungulia.

"Siku nne?" akauliza.

"Siku nne, bwana."

Aliikunja barua vizuri na kuitia mfukoni mwake mwenyewe, pamoja na zile kalamu.

"Mimi kosa langu," akasema, kwa sauti ya chini ili wale wengine wasisikie, "sijalisema mpaka leo. Vuta kiti, binti."